Queen au U2: Jinsi ya Kuchagua pa Kuanzia kwa Kuzisoma Tuzo Zao

Msikilizaji aliyekulia katika taarabu, dansi, benga au bongo fleva, na ambaye sasa anataka kuujua muziki wa roki kwa undani, hakawii kukutana na majina mawili: Queen, bendi iliyoundwa London mwaka 1970, na U2, iliyoundwa Dublin mwaka 1976. Zote mbili zimedumu kwa miongo mingi, zote zina albamu nyingi kuliko anazoweza kuzimaliza mgeni kwa mkupuo mmoja, na kila zinapotajwa hutanguliwa na orodha ndefu ya tuzo. Kwa hiyo ni jambo la kawaida kwa mtu anayetafuta pa kuanzia kuzitazama tuzo hizo na kuzifanya mizani yake.

Mizani hiyo inafaa, ila anayehesabu idadi peke yake atapotoka. U2 ina Grammy 22, idadi ambayo hakuna bendi ya roki iliyowahi kuifikia. Queen haijawahi kushinda hata Grammy moja ya kushindaniwa. Kwa hesabu hiyo Queen ingekuwa bendi ya daraja la pili, na yeyote aliyewahi kusikia uwanja mzima wa mpira ukiimba "We Are the Champions" anajua kwamba hilo haliwezi kuwa kweli. Swali lenye manufaa zaidi ni tuzo ilitolewa kwa ajili ya kitu gani, ilitolewa na nani, na ilitolewa baada ya muda gani tangu kazi yenyewe itoke. Ukiziuliza orodha hizi mbili swali hilo, utaona kwamba heshima za U2 zinaelekeza kwenye albamu nzima, na pia kwenye kazi ya bendi hiyo nje ya muziki, ilhali heshima za Queen zinaelekeza kwenye wimbo mmojammoja na kwenye ufundi wa utunzi. Tofauti hiyo ndiyo inayomsaidia mtu kuchagua.

Grammy: ishirini na mbili dhidi ya sifuri

Grammy hutolewa Marekani na chama cha watu wa kazi ya kurekodi, na wapiga kura wake ni wanamuziki, watayarishaji na mafundi mitambo. Kila hafla huangalia kazi zilizotoka katika kipindi cha takriban mwaka mmoja. Kwa maneno mengine, tuzo hii inapima ni rekodi gani iliyowagusa watu wa tasnia ya Marekani katika msimu fulani. Si kipimo kibaya, lakini ni kipimo cha mahali pamoja na cha wakati mmoja, na anayekitumia anapaswa kukumbuka yote mawili.

Queen iliteuliwa mara nne. Mara mbili za kwanza zilitokana na "Bohemian Rhapsody", katika hafla ya mwaka 1977: wimbo ule uliwania tuzo ya kundi lililoimba vizuri zaidi katika muziki wa pop, ukashindwa na Chicago, na uliwania pia tuzo ya mpangilio bora wa sauti za waimbaji, ukashindwa na Starland Vocal Band. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba wakati huo Grammy haikuwa bado na vipengele vya roki. Hivyo vilianza katika hafla ya mwaka 1980. Albamu ambazo Queen walizitoa kati ya mwaka 1974 na 1977, ambazo kwa maoni yangu ndizo kilele cha kazi yao, zilipita kabla ya kuwekewa mahali pa kushindania. Vipengele vilipokuwapo, bendi iliteuliwa tena katika hafla ya mwaka 1981, kwa "Another One Bites the Dust" na kwa utayarishaji, lakini tuzo ya kundi la roki ikachukuliwa na Bob Seger na wenzake. Baada ya hapo nyota ya Queen ilififia Marekani kwa miaka mingi, ingawa Ulaya na Amerika ya Kusini waliendelea kujaza viwanja. Wapiga kura wa Grammy walikuwa Marekani, na matokeo yakafuata.

U2 iliingia katika hesabu hiyo kwa wakati mwafaka. Albamu yao "The Joshua Tree" ilitoka mwaka 1987, na katika hafla ya mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya albamu ya mwaka mbele ya Michael Jackson, Prince, Whitney Houston, na albamu ya pamoja ya Dolly Parton, Linda Ronstadt na Emmylou Harris. Si rahisi kuutaja ushindani mkali kuliko huo. Pamoja na hiyo walipata tuzo ya kundi bora la roki, na mwaka 1989 wakaongeza mbili, mojawapo ikiwa ya video ya "Where the Streets Have No Name", iliyopigwa juu ya paa la jengo katikati ya Los Angeles.

Kinachofuata ndicho kinachopaswa kumfumbua macho anayehesabu. Katika muongo mzima wa 1990, U2 ilipata Grammy tatu tu: moja mwaka 1993, moja mwaka 1994 na moja mwaka 1995. Ile ya mwaka 1993 ilikuwa ya "Achtung Baby", albamu ambayo wapenzi wengi wa bendi hii wanaiweka juu kabisa au karibu sana na juu, na ambayo iliwania tuzo ya albamu ya mwaka ikashindwa na Eric Clapton. Kisha, kati ya mwaka 2001 na 2006, zikamiminika tuzo 15. Albamu ya "All That You Can't Leave Behind" ilizaa saba, na nyimbo zake mbili, "Beautiful Day" na "Walk On", zilishinda tuzo ya rekodi ya mwaka katika miaka miwili mfululizo, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa albamu nyingine. "How to Dismantle an Atomic Bomb" ya mwaka 2004 ikazaa nane, ikiwemo tuzo ya albamu ya mwaka. Tangu mwaka 2006 hadi leo bendi haijaongeza hata moja.

Ukifuata hesabu bila kufikiri, basi utaanza na "How to Dismantle an Atomic Bomb", kwa kuwa ndiyo yenye Grammy nyingi kuliko zote. Ni albamu nzuri, na ule wimbo ambao Bono, mwimbaji wa U2, alimwandikia baba yake aliyefariki mwaka 2001, "Sometimes You Can't Make It on Your Own", unastahili heshima iliyoupata. Hata hivyo sitamshauri mtu aanzie hapo. Tuzo zile nane zilitolewa kwa bendi iliyokwisha kupendwa na kila mpiga kura, na zilikuwa pia shukrani kwa miaka iliyotangulia. Anayeisikiliza albamu hiyo bila kuzijua zilizotangulia atasikia nyimbo imara za roki, lakini hatasikia ni kwa nini bendi hii ilibadili mambo.

Mfano wa Rolling Stones unaonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Bendi hiyo ilianza mwaka 1962, ikapewa Grammy ya heshima ya maisha mwaka 1986, na haikushinda Grammy ya kushindaniwa mpaka mwaka 1995, kwa albamu ya "Voodoo Lounge" na kwa video ya wimbo mmoja wa albamu hiyo. Hakuna anayependa Stones atakayemwambia mgeni aanze na "Voodoo Lounge".

Wimbo au albamu: heshima zinazokuja baadaye

Ziko tuzo za aina ya pili, ambazo hazishindaniwi katika msimu mmoja, bali hutolewa baada ya miaka kupita na kazi kuthibitika. Hizi ndizo ninazoziamini zaidi ninapomshauri mtu, na hapa ndipo bendi hizi mbili zinapotofautiana kwa namna iliyo wazi.

Maktaba ya Bunge la Marekani huweka daftari la kitaifa la rekodi zinazohesabiwa kuwa na thamani ya kudumu katika utamaduni. U2 iliingizwa humo mwaka 2014, na kilichochaguliwa ni albamu nzima ya "The Joshua Tree". Queen iliingizwa mwaka 2022, na kilichochaguliwa ni wimbo mmoja, "Bohemian Rhapsody". Taasisi ni moja na daftari ni moja, lakini kwa bendi moja waliona kwamba kipimo cha kazi yake ni albamu, na kwa nyingine wakaona kwamba ni wimbo. Nakubaliana nao kabisa.

Orodha iliyobaki ya Queen inathibitisha hilo. "Bohemian Rhapsody" ilipata tuzo ya Ivor Novello mwaka 1976, tuzo ya Uingereza inayothaminiwa sana na watunzi kwa sababu inatolewa na chama chao wenyewe. Mwaka 1977, Waingereza walipoadhimisha miaka 25 ya utawala wa Malkia Elizabeth wa Pili, wimbo huo ulitangazwa kuwa wimbo bora wa Uingereza wa kipindi hicho chote, ukigawana heshima hiyo na "A Whiter Shade of Pale" wa Procol Harum. Mwaka 2004 Grammy wenyewe, waliokuwa wameunyima tuzo mwaka 1977, waliuingiza katika orodha yao ya heshima ya rekodi zilizotimiza angalau miaka 25. Mwaka 2009 wakaziongeza "We Will Rock You" na "We Are the Champions", na mwaka 2018 wakaipa bendi tuzo ya heshima ya maisha. Mwaka 2021 "Bohemian Rhapsody" ikathibitishwa Marekani kwa daraja la almasi, linalotolewa kwa wimbo uliofikisha mauzo na usikilizwaji wa kiwango cha nakala milioni 10.

Heshima ninayoiona kuwa inaieleza Queen kuliko zote ni ya mwaka 2003, walipoingizwa katika Jumba la Heshima la Watunzi wa Nyimbo la Marekani wakiwa bendi ya kwanza kuingizwa nzimanzima. Kwa kawaida jumba hilo humheshimu mtunzi mmoja au wawili wanaoandika pamoja. Katika Queen, kila mmoja wa wanne hao aliandika nyimbo zilizovuma duniani: mwimbaji Freddie Mercury aliandika "Bohemian Rhapsody" na "We Are the Champions", mpiga gitaa Brian May aliandika "We Will Rock You", mpiga besi John Deacon, mtu mkimya asiyependa kamera, aliandika "Another One Bites the Dust" na "I Want to Break Free", na mpiga ngoma Roger Taylor aliandika "Radio Ga Ga". Bendi yenye watunzi wanne wa kiwango hicho ni adimu mno. Ndiyo maana albamu zao hubadilika kutoka wimbo hadi wimbo, na ndiyo maana mkusanyiko wao wa "Greatest Hits" wa mwaka 1981 ndio albamu iliyouzwa zaidi katika historia ya Uingereza, ikiwa imevuka nakala milioni 7.

Tofauti hiyo inasikika hata katika namna rekodi zenyewe zilivyotengenezwa. Kwa "Bohemian Rhapsody", Mercury, May na Taylor walizirudia sauti zao tena na tena juu ya mkanda wa njia 24, wakianzia studio ya Rockfield huko Wales mwaka 1975, mpaka watu watatu wakasikika kama kwaya kubwa. Wanabendi wamesimulia kwamba mkanda ulipitishwa kwenye mashine mara nyingi kiasi kwamba ulianza kuchakaa na kupitisha mwanga. Jasho lote hilo lilimwagwa kwa ajili ya wimbo mmoja wa karibu dakika sita. U2 nao walitaabika na mkanda, kwa sababu tofauti: mwanzo wa "Where the Streets Have No Name" uliwala muda mwingi sana, hata mtayarishaji Brian Eno akakusudia kuufuta mkanda ili waanze upya, na fundi mitambo aliyekuwapo studio ndiye aliyemzuia. Taabu hiyo ilikuwa na maana kwa sababu wimbo huo ulikuwa mlango wa albamu. Nyimbo 11 za "The Joshua Tree" zilipangiwa mfuatano wake na mwimbaji Kirsty MacColl, ambaye bendi ilimwambia tu ni upi utangulie na upi ufunge, na hayo mengine akayapanga kwa sikio lake. Ukizisikiliza kwa mfuatano huo, kuanzia kinanda kinachopanda polepole mwanzoni hadi "Mothers of the Disappeared", wimbo wa akina mama wa Amerika ya Kusini waliopotezewa watoto wao na tawala za kijeshi, utaelewa kwa nini wapiga kura na wakutubi walikataa kuikata vipande.

Kuhusu Jumba la Heshima la Rock and Roll la Cleveland, hapana haja ya kukaa sana. Msanii huruhusiwa kuzingatiwa baada ya kupita miaka 25 tangu rekodi yake ya kwanza. U2, waliotoa rekodi yao ya kwanza mwaka 1979, waliingizwa mwaka 2005, yaani mapema kadiri kanuni ilivyoruhusu. Queen, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1973, waliingizwa mwaka 2001. Tofauti hiyo ya miaka michache inaonyesha tena jinsi Marekani ilivyochelewa kidogo kwa Queen, wala haina zaidi ya hapo.

Kwa upande wa Ulaya, Queen walipewa Tuzo ya Muziki ya Polar mwaka 2025 huko Stockholm, mkononi mwa Mfalme wa Uswidi. Tuzo hiyo ilianzishwa na Stig Anderson, aliyekuwa meneja wa ABBA, na mara nyingi hutolewa kwa pamoja kwa watu wa roki, jazi na muziki wa klasiki. Mwaka huo Queen walikuwa pamoja na mpiga piano Herbie Hancock na mwimbaji Barbara Hannigan. Kwa mtu ambaye anasitasita kwa kudhani kwamba roki ni kelele tu, tuzo hii ni ushahidi mzuri, kwa sababu wanaoitoa wanazijua aina zote hizo za muziki na wanazipima pamoja.

Heshima za taifa, za mji na za utu

Hapa U2 inapanda tena, lakini kwa sababu zisizohusiana sana na nyimbo. Mwaka 2005 shirika la Amnesty International liliwapa tuzo yake ya balozi wa dhamiri, na mwaka uliofuata tuzo hiyohiyo ikaenda kwa Nelson Mandela. Mwaka 2007 Bono alipewa cheo cha heshima cha ushujaa na Uingereza, ingawa kwa kuwa ni raia wa Ireland haitwi Sir. Mwaka 2022 bendi nzima ilipewa heshima ya Kennedy Center mjini Washington, na Januari 2025 Bono akapewa nishani ya uhuru na Rais wa Marekani. Kwao Dublin, mwaka 2000, wanabendi na meneja wao Paul McGuinness walipewa uhuru wa mji, heshima ambayo kwa desturi ya kale humpa mwenyewe haki ya kulisha kondoo katika viwanja vya mji. Bono na mpiga gitaa The Edge waliitumia haki hiyo kwa kupeleka wanakondoo katika bustani ya St Stephen's Green.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuzitazama heshima hizi kwa makini zaidi. Bono na mkewe walifanya kazi ya kujitolea Ethiopia mwaka 1985 wakati wa njaa. Baadaye Bono alikuwa miongoni mwa sauti zilizosikika sana katika kampeni ya kusamehewa madeni ya nchi maskini, na Uganda na Tanzania ni kati ya nchi zilizonufaika na mpango wa misamaha hiyo. Mwaka 2002 alifika Uganda katika ziara aliyoifanya na Paul O'Neill, waziri wa fedha wa Marekani wa wakati huo. Ikiwa unamchagua msanii kwa kuangalia pia anasimamia nini, basi orodha ya U2 ina uzito ambao Queen hawaulingani, na usione haya kulipa jambo hilo nafasi katika uamuzi wako. Ila usidhani kwamba nishani ya utu ni cheti cha ubora wa albamu. Hivyo ni vitu viwili, na hupimwa kwa mizani mbili.

Kwa Queen, heshima za dola zimewafikia walio hai. Brian May, ambaye pia ana shahada ya uzamivu katika fizikia ya anga, alipewa cheo cha ushujaa mwaka 2023 na sasa anaitwa Sir Brian. Roger Taylor alipewa nishani ya OBE mwaka 2020. Mwaka huohuo wa 2020 serikali ya Uingereza ilitoa sarafu ya pauni 5 kwa heshima ya bendi, na shirika la posta likatoa stempu zao, wakiwa bendi ya tatu kupewa stempu zake yenyewe baada ya Beatles na Pink Floyd. Freddie Mercury hayumo katika vyeo hivyo, kwa kuwa alifariki Novemba 1991 na Uingereza haitoi vyeo vya aina hiyo kwa marehemu. Yeye alipewa heshima za namna nyingine: tuzo ya Brit, tuzo ya muziki ya Uingereza, ya mchango mkubwa mwaka 1992, sanamu huko Montreux, Uswisi, na mwaka 2016 kibao cha kumbukumbu kwenye nyumba ya Feltham ambako familia yake iliishi baada ya kuondoka Zanzibar mwaka 1964.

Zanzibar ndiko alikozaliwa, tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa wazazi wa Kiparsi. Makumbusho yake yalifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, mwaka 2019. Heshima hiyo haina kombe wala hafla ya kurushwa kwenye televisheni, na ilichukua muda mrefu kufika, lakini mimi naithamini sana, kwa sababu inamrudishia mtoto wa kisiwa mahali pake katika simulizi ambayo mara nyingi huanzia London. Anayefika Unguja na hajaamua bado aanze na bendi ipi, apitie pale kwanza.

Kuna tahadhari moja kuhusu filamu, kwa sababu huwachanganya wengi. Oscar nne za mwaka 2019 zilizotolewa kwa filamu iliyobeba jina la "Bohemian Rhapsody", ikiwemo ya Rami Malek kwa kumwigiza Mercury, ni za filamu na walioitengeneza. Hazimo katika tuzo za Queen. Kinyume chake, Golden Globe ya mwaka 2014 ya wimbo "Ordinary Love", ulioandikwa kwa ajili ya filamu ya maisha ya Mandela, ni ya U2 kweli.

Uanzie wapi basi

Ikiwa muda wako ni mchache, au bando lako la intaneti ni dogo, anza na "Greatest Hits" ya Queen katika toleo lake la Uingereza lenye nyimbo 17. Inaanza na "Bohemian Rhapsody" na kumalizia na "We Are the Champions", na ndani yake utakutana na watunzi watatu kati ya wanne; ni Roger Taylor tu asiye na wimbo wake humo. Kwa U2 sishauri mkusanyiko. Nyimbo zao zikitolewa katika albamu zake hupoteza sehemu ya nguvu, na hilo ndilo hasa ambalo orodha ya tuzo zao imekuwa ikilisema.

Ikiwa umekulia katika kwaya, na sikio lako huifuata sauti ya pili na ya tatu kabla ya kufuata ala, chukua "A Night at the Opera" ya mwaka 1975. Mpangilio wa sauti uliokosa Grammy mwaka 1977 umo humo, na si katika wimbo ule maarufu peke yake. Usikilize kwa spika za masikioni ikiwezekana, kwa sababu sauti zimegawanywa kushoto na kulia kwa ustadi mkubwa, na simu ikipiga peke yake hutazisikia.

Ikiwa wewe ni mtu wa kukaa chini na kuisikiliza kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, jinsi wengine wanavyokaa na taarabu ya wimbo mrefu bila kuharakisha, chagua "The Joshua Tree". Inachukua kama dakika 50. Baada yake nenda moja kwa moja kwenye "Achtung Baby", ingawa ina Grammy moja tu, kabla ya kuzigusa zile mbili za miaka ya 2000 zenye tuzo 15 kwa pamoja. Mfuatano huu unakwenda kinyume na hesabu ya makombe, nami nauamini hivyohivyo.

Anayevutwa na maneno zaidi ya sauti atanufaika na U2 kwanza. Anayevutwa na kipaji cha mwimbaji aende kwa Queen bila kusita. Bono ana sauti yenye imani na joto, lakini Mercury alikuwa na upeo na udhibiti ambao sijausikia kwa mwimbaji mwingine wa roki.

Na ikiwa bado huwezi kuamua, iko siku moja ambayo bendi zote mbili zilipanda jukwaa lilelile: tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la Live Aid la kuchangia waathirika wa njaa ya Ethiopia. Picha za maonyesho yote mawili zinapatikana kwa urahisi. U2 walipanda kwanza. Waliimba "Sunday Bloody Sunday", kisha wakaanza "Bad", na katikati yake Bono akashuka jukwaani kumfuata msichana aliyekuwa akibanwa na umati, wimbo ukarefuka hadi kama dakika 12 na wimbo wa tatu waliokuwa wameupanga haukupata nafasi. Queen walifuata baada ya saa moja na kitu, wakaziweka nyimbo sita katika dakika kama 20, nyingine zikiwa zimekatwa ili zitoshe, na umati wote ukapiga makofi juu ya vichwa kwa "Radio Ga Ga". Tazama dakika hizo kwa mfuatano wake, U2 kisha Queen. Ukijikuta umeshikwa na ule wimbo mmoja mrefu, kaichukue "The Joshua Tree"; ukijikuta unaimba kila kiitikio kabla hata hakijafika, anza na "Greatest Hits".